Aliwahesabu Wajukuu wa Cucu Bila Kufika Gakindu

Mhariri, nifichie jina, maana chuo chetu hapa Nyeri ni kidogo na watu wanajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, niko mwaka wa mwisho wa masomo ya usimamizi wa biashara. Nina hasira ninapoandika, kwa hivyo wasomaji mtanisamehe nikipayuka.

Mwaka huu tunafundishwa utafiti. Mwalimu wetu, mtu wa upande wa magharibi mwa Kenya anayepiga meza akisema, alitukaririsha sheria zake mpaka zikatuingia. Chagua kila nyumba ya tano kwenye orodha ya chama cha kahawa. Usiruke mtu. Asiyejibu swali, mwachie nafasi wazi, usimjazie. Nilimwamini kabisa. Mimi na mwenzangu, kijana anayekaa Gatitu, tulipewa kuchunguza kwa nini wakulima wa Gakindu wanachelewesha kahawa kiwandani. Tulidhani ni upungufu wa watu wa kuchuma, ndiyo maana fomu yetu iliuliza kila mwenye shamba ana watoto na wajukuu wangapi. Tukagawana orodha nusu kwa nusu.

Nilitembea wiki tatu kwenye matope. Wazee walinipa chai na kunijibu kila kitu isipokuwa hilo swali. Kwetu watoto hawahesabiwi, ni kuwaitia mabaya. Mama mmoja aliniuliza, "Unataka kuwahesabu ndio wafanyiwe nini?" Nilizaliwa huko huko na bado nikaandika swali la kijinga namna hiyo, hilo kosa ni langu. Nilimwambia mwenzangu tuulize majina, kisha tuhesabu wenyewe. Alicheka tu. "Ati majina? Mimi wangu wamejibu yote."

Siku ya kuonyesha kazi, mwalimu aliinua fomu zangu mbele ya darasa. "Hizi nafasi wazi ni za nini? Mwenzako amejaziwa zote. Wewe uko na uvivu." Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuziacha wazi! Nilipomweleza habari ya kuhesabu watoto, akasema huo ni ushirikina. Darasa likacheka, na yule kijana akaangalia dirishani.

Jioni hiyo nilizisoma fomu zake moja moja. Wazee wote wa Gakindu walikuwa wamehesabu watoto wao kama watu wanaohesabu viazi. Halafu nikakuta fomu ya cucu yangu, mama yake baba. Wajukuu kumi na mmoja, imeandikwa. Tangu nizaliwe sijamsikia cucu akitaja idadi yetu. Hata akitugawia chakula huita majina.

Jumamosi nilienda na hiyo fomu kumuuliza. "Hakuna mtu amekuja hapa kuuliza," akasema. "Na hiyo nambari alipewa na nani?" Nikamwambia mwenzangu ameibuni akiwa chumbani kwake. Akaanza kututaja mmoja mmoja, polepole, mpaka yule mtoto mchanga wa juzi. Nilihesabu kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Tuko kumi na wanne.

Nilipomkabili mwenzangu hakuona hata haya. "Sasa nani atatoka hapa aende Gakindu kuangalia? Weka sahihi tumalize shule." Ripoti imeshapigwa chapa, na lazima iwe na sahihi zetu wote wawili, la sivyo tunarudia mwaka. Nilienda kwa mwalimu na fomu ya cucu mkononi. Hata hakuitazama. Alisema nimeona wivu kwa sababu mwenzangu alifanya kazi vizuri kuliko mimi, na kwamba ripoti itasomwa kwenye mkutano wa chama, hana wakati wa maneno ya wanafunzi.

Yaani wazee watakaa pale mkutanoni wasomewe maneno ambayo hawakusema, na jina langu litakuwa chini yake. Cucu naye ni mwanachama, hakosi mkutano. Baba anataka nimalize mwaka huu, na mimi mwenyewe nimechoka na hicho chuo. Sahihi ni kitu cha dakika moja.

Wasomaji, nyinyi mngeiweka? Niambieni kabla muhula haujaisha, kwa sababu cucu atauliza ni nani walioandika uongo juu yake, na nitakuwa nimeketi karibu naye.