Kaseti ya Baba Iko Yamumbi

Kaseti yenye sauti ya marehemu baba akiongoza kwaya, Mama alimpa mke wa ndugu yangu aitunze kwake Yamumbi. Mimi ndiye kifungua mimba, na iliniuma. Jumapili tulienda kuisikiliza, tukakuta utepe umelegea. Nikanyoosha mkono.

“Wewe acha,” Mama akasema. “Mikono yako ni ya jembe.”

Shemeji akaingiza biro kwenye tundu, akazungusha pole pole mpaka utepe ukakazika, bila kuugusa kwa kidole. Kusema ukweli, mimi ningeuvuta.

Baba akaanza kuimba. Mama akashika mkono wa shemeji, akaushikilia mpaka wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa nimekaa upande ule mwingine wa Mama, karibu vile vile.