Nilivyoambiwa nisaini mwamba ambao haupo kwenye ujenzi wa gereza

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika hapa nilikiona kwa macho yangu, na sehemu nyingine nilishika sepetu mwenyewe. Majina nimebadilisha na gereza sitalitaja. Wa Moshi mtakisia, naomba mkisie kimya kimya.

Mimi ni QS, mkadiriaji majenzi, mzaliwa wa Kibosho. Baada ya chuo nilisota sana mtaani, ndipo nikapata mkataba kwa consultant aliyesimamia ujenzi wa gereza jipya huku kwetu mlimani. Hela ya serikali, yaani kodi yangu na yako.

Kazi yangu ilikuwa kupima kilichofanyika. Nikisaini, mkandarasi analipwa.

Msingi tulichimba wiki tatu na nilikuwepo kila siku. Udongo mwekundu, laini, ule ambao mvua ikinyesha unatembea nao kwenye buti mpaka nyumbani.

Mwezi uliofuata naletewa karatasi ya variation, yaani kazi ya nyongeza nje ya mkataba. Imeandikwa: uchimbaji wa mwamba mgumu. Msingi wote!

Wakuu, bei ya kuchimba mwamba na ya kuchimba udongo ni mbingu na ardhi.

Ushahidi ulikuwa picha. Mashine ya kuvunjia miamba imesimama kando ya rundo la mawe. Mashine hiyo naikumbuka vizuri: ilishushwa asubuhi, ikapigwa picha, jioni ikaondoka. Halafu mawe yenyewe ya mviringo, laini kama mayai. Mwamba uliovunjwa una makali, jamani. Yale yalitoka mtoni!

Nikamfuata bosi wangu, injinia. Akacheka.

"Dogo, huu ni mlima. Nani huko Dodoma atabisha kwamba Kilimanjaro kuna mawe?"

Nikamwambia sisaini.

Jumamosi nikaenda kwa Mama Ludovica, mjane anayeishi jirani na uzio. Sehemu ya lile eneo ilikuwa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, kabla hajalipwa fidia. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Alinitazama kama nimemtukana.

"Mwamba? Mwanangu, hapo nimechimba mashimo ya migomba tangu naolewa. Jiwe kubwa kuliko yote nililokuta ni lile naegemezea mlango."

Akaingia ndani, akatoka na sepetu mbili. Moja akanipa mimi.

Tulichimba upande wake wa uzio, hatua chache tu kutoka kwenye msingi, mpaka tukapita kina cha msingi wenyewe. Udongo mtupu. Mama akashuka shimoni, kanga kiunoni, akashika tepu ya kupimia, nikapiga picha.

Jumatatu kwenye kikao cha site nikaziweka picha mezani. Injinia akaniuliza, "Wewe umeajiriwa kama QS au kama mkulima?"

"Vyote, mzee. Ndiyo maana udongo naujua."

Nikatolewa nje. Wiki ile ile mkataba wangu ukasitishwa, karatasi akasaini mwingine.

Niliumia, lakini yaliyofuata ndiyo yaliyonikata maini.

Kwa sababu ya huo mwamba wa kwenye picha, bajeti ikapasuka. Ikabidi watafute cha kupunguza. Hawakugusa nyumba ya mkuu wa gereza. Hawakugusa geti la mbele lenye nakshi. Walikata jengo la wafungwa wanawake wenye watoto wachanga. Eti litasubiri awamu ya pili.

Nilipompa Mama Ludovica habari hiyo alikaa chini. Kumbe kwenye mkutano wa kijiji walionyeshwa ramani, na jengo hilo ndilo lililomfanya akubali kuachia kihamba bila kelele.

"Mtoto ana kosa gani?" aliniuliza.

Tukaandika barua kwa wakaguzi wa serikali, mimi na yeye, tukaambatanisha picha. Miezi ikapita. Mimi nikawa napiga vibarua vya kukadiria nyumba za watu Njoro.

Mwishowe walikuja. Wakachimba mashimo manne mbele ya kila mtu. Udongo. Malipo yakakataliwa, mkandarasi akatakiwa kurudisha, injinia akasimamishwa. Nilifurahi, siwadanganyi.

Ila mpaka leo hela haijarudi, kesi inapigwa danadana. Gereza limeshafunguliwa bila lile jengo. Kuna vichanga vinalala kwenye bweni la kawaida la wafungwa, vimebanana na mama zao na watu wazima wengine.

Somo nililopata ni hili. Mradi wa umma ukipanda gharama, tumezoea kuuliza nani kala. Tuulize pia kimekatwa nini, na kilikuwa cha nani. Wanaokatwa huwa hawapo kwenye kikao.

Mafundi, ma-QS, na ninyi mliowahi kukaa kwenye vikao hivyo: mliona nini kikikatwa? Andikeni hapa chini, nitasoma kila mmoja.