Siku Niliyokatwa na Mchicha

Nikipita sokoni Kilosa, mpaka leo kuna watu wananiuliza, "Bwana Usalama, mchicha umeiva?" nami najifanya sijasikia, naongeza mwendo, masikio yananiwaka moto. Sasa bora niwasimulie mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine watatia chumvi, na aibu ile wala haihitaji chumvi.

Lile shamba la mkonge lilipobinafsishwa, meneja mpya alinipandisha cheo nikawa msimamizi wa usalama kazini. Usalama gani! Kazi yangu ilikuwa moja tu: mtu akiumia, fomu yake ya kudai fidia isifike kwa afisa kazi Morogoro. Mashine ya brashi, ile ya kusafishia singa (nyuzi za mkonge), mkanda wake ulizunguka wazi bila kifuniko tangu enzi za shirika la umma (kifuniko chenyewe nasikia kilishageuzwa mlango wa banda la kuku), na mimi badala ya kuomba kingine nikatundika ubao getini, SIKU BILA AJALI, kila asubuhi nafuta namba naandika nyingine, kifua nimekitunisha kama jogoo. Mjinga mkubwa mimi.

Basi mkanda ule ukamla Mama Chausiku vidole viwili. Mjane, mtu mzima, wajukuu wote wanamtegemea yeye, na kwa mkono ule asingeweza tena kushika singa. Unajua niliandika nini kwenye daftari la ajali? "Alijikata nyumbani kwake akikatakata mchicha." Ubao sikuugusa. Nilipokutana naye njiani nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Mimi mchicha hata sili." Nikacheka! Jamani, nilicheka.

Yule mama hakunyamaza. Alipanda basi mpaka Morogoro na bandeji yake, na haukupita muda tukaambiwa afisa kazi anakuja kuiona hiyo mashine. Meneja akaniita ofisini: "Huyo mama akipata fidia, wewe ndiye utakayetangulia getini, kazi huna tena." Nikatoka jasho linanitiririka, na badala ya kutafuta bati la maana nikamwambia seremala akate hadibodi, tukaipaka rangi ya kijani, tukaifunga juu ya mkanda kwa kamba za singa. Ikapendeza! Nikaazima na kaunda suti ya shemeji yangu (yule mnene), suruali nikaikaza kiunoni kwa kamba hiyohiyo ya singa, nikajiona bosi kamili.

Afisa kazi akaja, mtu mpole, mikono nyuma, maneno machache. Wafanyakazi wamejipanga, Mama Chausiku yupo mbele kama mlalamikaji, meneja ananikodolea macho, mashine inanguruma. Mgeni akauliza, "Hiki kifuniko kina nguvu?" Ningejibu tu "Ndiyo, mzee," yakaisha. Wapi! "Mzee, hata ukikiegemea hakitikisiki," nikaweka kiwiko, nikaegemea, mguu mmoja nimeukunja kama mtu anayepigwa picha.

Hadibodi ikapasuka kwaa! Mkanda ukadaka pindo la koti la shemeji, nikavutwa, nikapiga yowe, koti likachanika mpaka mgongoni, kamba ya kiunoni ikakatika, suruali ikashuka mpaka kwenye viatu, nikabaki na bukta ya mfuko wa unga wa ngano, maandishi yanasomeka vizuri tu matakoni, na kidole changu cha kati kimenaswa. Fundi akakimbia kuzima mashine. Hapo nikasikia mwanamke mmoja anaguna, wa pili anacheka, halafu chumba kizima.

Karani, ambaye alikuwa ameshika daftari la ajali ili mgeni alikague, akaniuliza kwa woga, "Bwana Usalama, niandike nini?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Chausiku akasema taratibu, "Andika alikuwa kwake, anakatakata mchicha."

"Mchicha gani!" nikafoka, damu inanichuruzika. "Ni mashine! Mashine hiihii iliyokula vidole vyako!"

Kicheko kikakatika. Afisa kazi akatoa kalamu mfukoni. "Rudia hapo," akasema, "polepole."

Nikarudia, suruali bado iko chini.

Mama Chausiku alipata fidia yake, nami nikatangulia getini kama nilivyoahidiwa. Ila na mimi nilikuwa na kidole cha kudai, si ndiyo? Afisa kazi akaniambia yeye ndiye mwamuzi, hawezi kuwa shahidi wangu, nilete mfanyakazi aliyeona. Nikazunguka kwa wale wote waliokuwepo nikiomba shahidi, kila mmoja ananiambia hakuona vizuri, na ningekuwa wao nami ningesema hivyohivyo. Aliyepanda basi na mimi mpaka Morogoro ni mmoja tu. Akakaa mbele ya afisa kazi, akaweka mkono wake wa vidole vitatu mezani, akasema, "Kakatwa na mashine. Nilikuwepo, nimeona."

Tangu siku ile daftari la ajali sijalishika tena na wala silishiki, hata nikipewa kiti cha meneja.