Mwano wa Bibi

Juzi nikitokea Runzewe nilipita Kishapu, nikakuta malori yanazoa mchanga kwenye mto wetu mkavu. Nikashuka, nikasimama pale kama mjinga. Hapo, rafiki yangu, ndipo babu yangu alipofukiwa akiwa hai.

Babu alitoka ukoo wa mtemi, ukoo uliosimama na Mwingereza mpaka siku bendera yake iliposhushwa. Waingereza walimsomesha sheria, wakamfanya mwendesha mashtaka. Serikali ilipoamuru watu wapunguze ng'ombe wao, watake wasitake, wanawake walipiga mwano, ule ukelele wa hatari ambao kila anayeusikia lazima aje mbio. Babu akauita uchochezi mbele ya hakimu. Wanaume wakafungwa, mmoja wao baba wa jirani yetu.

Mimi nilizaliwa Uhuru ukiwa umeshazoeleka, lakini hasira bado ilikuwa mbichi. Bibi alisalimiwa vizuri tu. Babu alipitwa kama kisiki. Uani kulinukia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka, naye ameketi na koti lake la mahakamani, akituhutubia kwa Kiswahili cha barazani. Kisukuma alizungumza na ng'ombe tu.

"Nikipatwa na jambo," alimwambia bibi mara nyingi, "usinipigie mwano. Hawatakuja, utaaibika bure."

Ukame ulipokaza, alishuka mtoni kuchimba kisima mwenyewe, maana hakuna kijana aliyekubali kumchimbia. Mchanga ukaporomoka, ukambana hadi kifuani. Mimi na bibi tulifukua kwa mikono, ukamiminika mwingine. Pumzi zilikuwa zinamkatika. Bibi akatupa kata, akapiga mwano.

Kimya. Niliwachukia watu wote wa Kishapu kwa kimya kile. Bibi akapiga tena, sauti ikampasuka, na ndipo tukaona vumbi ng'ambo. Walikuja na majembe na mbao, jirani yetu akiwa mbele. Alisimama ukingoni, jembe begani, akamtazama babu.

"Mzee, na mwano huu ni uchochezi?"

Babu alijibu kwa Kisukuma, kwa shida: "Nilikosea, mwanangu. Baba yako nilimfunga bure."

Jirani aliteremka, akaanza kufukua, na wenzake wakamfuata. Walipomtoa, bibi aliwapa maji ya kunywa. Hakuna aliyepokea.

"Tumeitikia mwano, mama," jirani akamwambia kwa upole. "Hatukumwitikia yeye."

Tangu hapo babu alipita kwao kila asubuhi kusalimia. Alijibiwa kwa kichwa tu, mpaka alipofariki. Nilimuonea huruma, na nilijua pia kwamba wao hawakuwa na kosa.

Wote waliokuja siku ile wamekwisha. Wa mwisho alikuwa jirani yule, nami nilikwenda kumzika. Sasa hakuna tena Kishapu mtu mwenye haki ya kumnunia babu yangu, wala mwenye haki ya kumsamehe.