Simu Isiyo na Waya Chumbani kwa Bi Zainabu

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye kituo cha simu cha Kibiti nilipandishwa nguzo. Mkuu wa Kituo, mtu mfupi mwenye sauti nene, alinitazama kuanzia ushungi hadi viatu, akauliza, "Wewe ndiye fundi niliyeletewa?" Nikajibu ndiye mimi. Akanionyesha nguzo ya mbele ya soko. "Basi panda, watu wakuzoee mapema." Nikafunga mkanda, nikavaa vyuma vya kupandia, vile vyenye meno ya kuuma mti, nikapanda huku wauza dagaa wameacha kuuza. Niliposhuka nilikuwa nimeshapewa jina. Mpaka nastaafu Kibiti nzima iliniita Bi Nguzo, na sikuwahi kulichukia.

Simu ya wakati ule niwaeleze, maana ninyi mmezikuta mfukoni. Chombo cha mezani kilikuwa mali ya shirika, na kilikaa pale waya ulipoishia. Umeme wake ulikuja na waya huohuo kutoka kwenye betri za kituoni, kwa hiyo hata mji ukiwa giza, simu ililia. Ukitaka chombo cha pili chumbani uliandika ombi, ombi likaenda mkoani, na huko likapumzika.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yakajaa vitu vya Dubai: redio, vitenge, mafuta ya nywele, na simu zisizo na waya. Mkuu wa Kituo hakuzipenda. "Hizo ni redio zinazojifanya simu," alisema, na kwa kweli hakukosea. Kitako kinaungwa kwenye laini, mkono wa simu unatembea nao mtu, na kati ya hivyo viwili maneno yanapita hewani.

Miongoni mwa wenye simu mjini alikuwa Mzee Mkumba, muuza mabati kwenye barabara ya Lindi. Alipofariki, mkewe Bi Zainabu akakaa eda katika chumba cha uani. Simu ilikuwa dukani, walikojaa wanaume. Mtoto wao wa pekee, Mwajuma, aliolewa Mwanza, naye alikuwa mjamzito baada ya mimba kumharibikia zaidi ya mara moja. Daktari alimkataza safari, hata kumzika baba yake hakuja. Kila Ijumaa alipiga simu, na shemeji wa Bi Zainabu, aliyeshika duka, akawa anapeleka salamu uani.

Bi Zainabu akaniita. Fundi mwanamume asingeingia chumbani mle. Mimi nilipiga hodi nikaingia.

"Shemeji ananambia mtoto hajambo," alisema. "Kila Ijumaa hajambo. Nami namjua mwanangu, hata akifa atasema hajambo. Nataka nimsikie mwenyewe. Mama husikia kwenye pumzi."

Nikaenda kuomba waya wa kufika uani. Mkuu wa Kituo akatikisa kichwa. "Ombi likirudi kutoka mkoani, eda imekwisha na mjukuu anatambaa." Kisha akasema kwa shida, kama mtu anayemeza kwinini, "Kajaribu hizo redio za Dubai."

Shemeji mtu akaazima simu tatu kwa mfanyabiashara mwenzake. Ya kwanza ilikuwa na antena ndefu ya kuvuta na sauti safi kuliko ya mezani. Lakini kati ya duka na ua kulikuwa na rundo la mabati ya kuuza, na bati na mawimbi ya redio havipikiki chungu kimoja. Nilipolipita rundo lile, sauti ikageuka mvua. Ya pili ilikuwa nyembamba, vitufe vinawaka, nzuri hata ya kuposea. Tatizo lake, kitako, kama cha ile ya kwanza, kilitaka umeme wa ukutani muda wote, na jenereta la duka liliwashwa magharibi likazimwa isha. Mchana ilikuwa pambo tu.

Ya tatu ilikuwa ya kahawia, imekwaruzika, nzito kama tofali. Hiyo ilikubali betri ya gari, ambayo tungeichaji kwenye mashine ya kusaga. Nikapandisha kitako juu kwenye boriti ili mawimbi yapite juu ya mabati, nikaenda uani na mkono wa simu sikioni. Mlio wa laini ukaja wazi mpaka kitandani kwa mjane. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ilikuwa na kasoro moja, nikamweleza Bi Zainabu. Mama Salima, muuza vitenge wa ng'ambo ya barabara, alinunua ya aina ileile, na zote mbili zilitumia njia moja ya hewani. Ikilia moja na ya pili hulia, na anayeinua husikia.

"Mama Salima anajua hata siku mchuzi wangu ulipoungua," Bi Zainabu akasema. "Simu itamwongezea nini?"

Ijumaa ilipofika simu ikalia mle chumbani. Mwajuma akaita, "Mama?" Bi Zainabu akasikiliza kwanza zile pumzi. Kisha akauliza, "Umekula?" Nikatoka nje, maana nilikuwa nalia, na furaha ile haikuwa yangu.

Hata hivyo kasoro ilinikera, fundi ni fundi. Nikaagiza Dar es Salaam vile vipande vidogo vinavyochagua njia ya hewani. Siku vilipofika nikaenda navyo uani, bisibisi mkononi. Kabla sijafungua skrubu simu ikalia. Alikuwa mkwewe wa Mwanza. Bi Zainabu akasikiliza, akaweka kiganja kinywani.

"Kajifungua," akaninong'oneza. "Wa kiume. Wamempa jina la babu yake. Mama mzima, mtoto mzima."

Yeye alikuwa edani. Kupiga kelele za furaha aliona si mahali pake. Akakaa na mavazi yake ya eda, machozi yanamtiririka, kimya. Ndipo ng'ambo ya barabara vikapasuka vigelegele. Mama Salima alikuwa amesikia kila neno. Wauza vitumbua wakaitikia bila kujua ni nini, soko likapokea, na shemeji mtu akaja mbio kutoka dukani kuuliza nani anaolewa.

Bi Zainabu akaitazama bisibisi yangu. "Fundi," akasema taratibu, "hiyo irudishe mfukoni."

Sasa nimestaafu, niko kijijini Mtunda na mikorosho yangu. Mjukuu wangu ana simu nyembamba kuliko biskuti, na ikilia hukimbilia nyuma ya nyumba asisikike. Simlaumu, ujana una mambo yake. Ila nimemwambia jambo moja: habari mbaya kazipokelee huko nyuma ukitaka, lakini ikija njema, inua simu hapa uani, kwa sauti, majirani wapate pa kuanzia vigelegele.