Vitambaa vya Mpiga Picha

Mpiga picha wetu wa Kutus hapendi kitu kikae uchi. Studioni mwake redio ina kitambaa cha kufuma, viti vina vitambaa, na hata sanduku lenye diski mbili za kuhifadhia video za wateja amelifunika, akinyoosha pembe kila mara kwa vidole laini visivyotulia. Mwezi wa nne, kupitia matundu ya kitambaa, niliona taa ya diski moja ikiwaka rangi ya machungwa. Nikamwambia diski hiyo inakufa, aibadilishe kabla ya pili yake kuifuata. "Hiyo ni taa tu, madam," akasema kwa sauti yake ya kubembeleza. "Ikiwaka ujue iko na stima." Akakivuta kitambaa kikaifunika kabisa.

Jana nilirudi kuchukua video ya ruracio yangu, siku nilipolipiwa mahari. Tumemzika mama, na sauti yake haiko kwingine ila kwenye video hiyo. Taa za diski zote mbili zilikuwa nyekundu; zote zimekufa. Akachomoa waya, akapuliza tundu, akauchomeka kwenye tundu la pili, akapuliza tena. Kisha, bila haya, akaanza kulifunika sanduku. "Pole, madam. Tuombe tu Mungu."

Nilikinyakua kitambaa mkononi mwake nikatoka nacho. Taa zake wazione hata watu wa bodaboda kule barabarani.