Zamu za Chakula

Binti yangu aliporudi nyumbani kutoka Tunduma, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuwasha moto. Alikuwa ameugua akili kwa muda mrefu, na dawa zilipomtuliza akapokelewa kwenye mafunzo ya stadi za maisha. Huko walimfundisha kupanga siku yake, kwenda sokoni bila kuogopa honi za malori, kupika, na kumwambia mtu "hapana" pasipo ugomvi. Siku nilipokwenda kumchukua, mwalimu wake aliniambia, "Baba, dawa ataendelea kumeza. Lakini mikono yake ikikosa kazi, haya mengine yote yatapotea."

Jioni ile alikoka moto kwa kuni za mibuni tuliyopogoa, akasonga ugali, akaunga dagaa aliowanunua mwenyewe mpakani. Ugali ulikuwa na madonge. Niliula wote, nikamshukuru Mungu.

Kesho yake wakaja kina mama wa kanisani. Kwetu Ihanda, mwanamke akijifungua, wenzake hupeana zamu: huyu analeta uji, yule anateka maji, na mzazi haruhusiwi kushika hata mwiko. Waliamua kumtunza binti yangu vivyo hivyo.

"Uzazi gani huu usio na mtoto, mama?" aliwauliza akicheka.

"Umejizaa mwenyewe," kiongozi wao akamjibu, akimtoa mwiko mkononi taratibu. "Kaa, mwanangu. Pumzika."

"Hapana, mama. Nataka kupika."

Alisema vizuri, kwa sauti ya chini, kama alivyofundishwa. Kina mama wakatazamana. Mmoja akanisogelea na kuninong'oneza, "Unaona, mzee? Ugonjwa bado haujamtoka."

Nikawaeleza maneno ya mwalimu. Kiongozi wao alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu ni mtu mwema, baba. Lakini mtoto huyu alipokuwa akikimbilia mashambani bila nguo, nani alimfunika khanga?"

Ni wao. Walimwogesha, walifunga kula kwa ajili yake, walimwombea mpaka sauti zikawakauka, wakati mama yake amekwisha kulala kaburini. Ningewafungia mlango kwa mdomo upi? Nilipokea hotipoti kwa mikono miwili.

Binti alijaribu tena siku iliyofuata, na nyingine. Kila mara mwiko ulichukuliwa kwa upendo. Kisha akaacha kuamka mapema. Akaacha kwenda sokoni, kwa kuwa hakukuwa na cha kununua. Kuku akaanza kutagia kwenye majivu, kati ya mafiga, na hakuna aliyemfukuza.

Jioni moja tulikula wali na maharage ya watu, mazuri, yenye nazi. Nikasali nikiishukuru mikono iliyoyaleta, na nilishukuru kwa moyo wangu wote. Binti akaitikia amina. Akaweka mikono mapajani, akaniuliza:

"Baba, kesho ni zamu ya nani?"